Baba Alitudanganya Mara Ngapi?

Mama, wazee wangu, ndugu na jamaa, marafiki wa baba wa upande wa gitaa na wale wa upande wa buti, na nyinyi wajukuu mliokaa hapo mbele mnachezea waya za spika, shikamooni mnaostahili shikamoo na wengine wote habari zenu na poleni sana.

Aliyetakiwa kusimama hapa ni dada yangu, ye ndo mkubwa na ye ndo mwenye sauti, ila leo asubuhi kanishika mkono akaniambia we ongea tu mi nitalia, basi ndo mnaniona mimi hapa na karatasi niliyoikunja kunja mpaka haisomeki.

Naanza na jambo ambalo pengine halisemwi siku kama hii. Baba yetu alikuwaga muongo. Msinikatie, ngoja kwanza. Siyo muongo wa kudhulumu mtu, hapana, hela ya mtu hakula na neno lake kwa mama lilikuwa neno, nazungumzia uongo wa porini. Yaani ukitembea na baba msituni au mkikaa usiku nje ya hema, kila dakika tano anakutupia jambo moja la ajabu, kwa sauti ya mtu mwenye uhakika, halafu anaendelea kutembea kama hajasema kitu. Bundi akiruka hasikiki. Mlimani maji yanachemka kabla hayajawa moto sawasawa. Nyenje anajua joto la usiku. Sisi watoto tulikua tukiamini kila kitu, tukafika umri wa kubisha tukaacha kuamini chochote, na nyumbani kukawa na msemo kabisa, mtu akitia chumvi kwenye stori anaambiwa "hiyo ya baba hiyo".

Sasa tangu aondoke usingizi wangu umekuwa wa shida. Badala ya kugeuka geuka kitandani nachukua simu na kuanza kumkagua. Moja moja, kila nikikumbuka alichosema natafuta kama ni kweli. Mume wangu ananiuliza saa nane usiku unasoma nini, namwambia nasoma habari za manyoya ya bundi, ananyamaza, ameshazoea. Kwa hiyo leo sisomi wasifu, alizaliwa lini akasoma wapi, hayo mnayo kwenye karatasi mlizogawiwa mlangoni. Mi naleta ripoti ya ukaguzi.

Nianze na gitaa maana ndo lililoanza kabla yetu sisi, mama anasema alilikuta.

Lile gitaa mnalijua. Lina ufa upande wa chini aliouziba na gundi ya mbao, lina mkanda wa begi badala ya mkanda wa gitaa, na uzi wa kwanza, ule mwembamba kabisa, siyo uzi wa gitaa. Ni mshipi wa kuvulia samaki. Uzi ulikatika siku moja tuko ziwani na duka halipo, akafungua boksi lake la ndoano, akatoa mshipi, akaupimapima kwa vidole, akaufunga, akapiga. Ukalia vizuri tu. Na wala hakuutoa tena, ukichakaa anaenda kwenye boksi la ndoano anakata mwingine. Marafiki zake wanamuziki walimcheka miaka na miaka, na yeye jibu lake lilikuwa moja, "nyuzi zote za naloni ni mshipi wa samaki uliovaa suti". Mi nilidhani anajitetea.

Nimetafuta. Jamani ni kweli. Zamani nyuzi za gitaa la aina ile zilitengenezwa na utumbo wa mnyama, wa kondoo hasa, halafu ikaja Vita Kuu ya Pili na zile nyuzi zikaadimika kwa sababu utumbo ulitakiwa hospitalini kushonea majeruhi. Ndo miaka ya 1940 bwana mmoja fundi magitaa huko New York, Albert Augustine, akaanza kutengeneza nyuzi za naloni, na Andrés Segovia mwenyewe, mpiga gitaa aliyekuwa anajulikana dunia nzima, akazikubali. Naloni. Kitu kile kile cha mshipi. Tena nimepima ule uzi wa baba kwa kile kifaa cha fundi, milimita 0.7, na uzi wa kwanza wa dukani ni milimita 0.7 na kidogo. Yule mzee alipima kwa vidole akakosea kwa unene usioonekana. Hapo nimempa maksi zote na nimemwomba msamaha.

Ila msimsifu haraka, sijamaliza na gitaa.

Mnakumbuka alivyokuwa anatyuni? Nyumbani kulikuwa na simu ya mezani, na baba ananyanyua mkono wa simu, anausikiliza ule mlio wa "tuuuu" kabla hujabonyeza namba, anaweka simu begani anakaza uzi wa tano mpaka ufanane. Alituambia ule mlio wa simu ni noti ya La kamili, dunia nzima ni hivyo, makampuni ya simu yaliweka wanamuziki. Kwa gitaa hilo ndo sisi wote tumejifunza kuimba. Sasa nikaenda shule nikajiunga na kwaya, mwalimu akapiga piano, nikafungua mdomo, mwalimu akasimama. Akaniambia binti unaimba chini. Akapiga tena, nikaimba tena, chini. Nikalia mpaka nyumbani nikijua sina sauti, na baba akaniambia piano yao ndo mbovu.

Ukaguzi unasema hivi. La ya kawaida ni mitetemo 440 kwa sekunde, mkutano ulikaa London mwaka 1939 wakakubaliana hivyo. Mlio wa simu kwenye nchi nyingi ni 425. Nchi nyingine ule mlio ni sauti mbili pamoja na moja kati ya hizo ndo 440 yenyewe, kwa hiyo huko angekuwa sahihi nusu, lakini kwa simu yetu sisi hapana. Kati ya 425 na 440 ni zaidi kidogo ya nusu ya hatua moja ya piano. Maana yake familia nzima, watoto watatu na mama juu, tumelelewa chini ya noti. Tukiimba wenyewe tunapendeza, akija mgeni na ala yake iliyotyuniwa kihalali tunaharibika. Mwalimu alikuwa sahihi, piano ilikuwa sahihi, na mi sauti nilikuwa nayo. Uongo namba moja. Ila kusema kweli hata leo nikisikia wimbo unapigwa sawasawa naona kama uko juu kidogo, kama umesimama kwa vidole.

Nije kwenye radi.

Nilikuwa na miaka kama saba hivi, tuko kwenye hema, usiku, na mvua ilikuja kama imetumwa. Umeme unapiga mpaka unaona vivuli vya miti kwenye kitambaa cha hema. Mdogo wangu amejificha ndani ya mfuko wa kulalia kabisa kichwa hakionekani. Baba akakaa katikati yetu akaanza kugonga mguu chini taratibu, tap, tap, tap, akasema ukiona mwanga anza kuhesabu na mguu wangu, ukisikia ngurumo simama. Mwanga ukapiga, tukahesabu, tukafika kumi na mbili, ngurumo. Akasema gawanya kwa tatu, dada akasema nne, baba akasema basi iko kilomita nne, haijatufikia. Ukapiga tena, tisa. Kilomita tatu. Ikapiga tena, sita. Hapo akasema haya wote inukeni, twende kwenye gari, na tukakimbia kwenye matope na yeye amembeba mdogo wangu ndani ya mfuko kama mzigo wa mkaa.

Hiyo ya kugawanya kwa tatu ni kweli tupu, sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo sekunde tatu ni kilomita moja na kidogo. Tena wataalamu wanasema ukishaisikia ngurumo tu, hata kama iko mbali, ujue uko kwenye eneo lake, kwa hiyo alitakiwa kutukimbiza mapema kuliko alivyofanya, hilo namdai. Kukimbilia kwenye gari, kweli. Ila sababu aliyotupa ni kwamba gari lina matairi ya mpira na umeme haupiti kwenye mpira. Hapana baba. Matairi hayana kazi hapo. Ni bodi ya bati inayouzungusha umeme kwa nje unashuka ardhini na wewe ndani huguswi, ndo maana gari la wazi juu halikusaidii hata likiwa na matairi kumi. Alifanya jambo sahihi kwa sababu ya uongo, na mkitaka nimweleze baba kwa sentensi moja ndo hiyo.

Ndani ya gari tukaimba mpaka dirisha likawa jeupe kwa pumzi zetu. Chini ya noti, bila shaka.

Za haraka haraka sasa maana naona mama ananiangalia. Bundi kuruka bila kelele, kweli, manyoya ya mbele ya bawa yana meno meno kama kitana na yanakata ule upepo usipige kelele. Maji kuchemka mapema mlimani, kweli, ukifika mita 3,000 yanachemka kwenye nyuzi joto kama 90 badala ya 100, kwa hiyo ile siku chakula kilibaki kigumu na tukamlaumu mpishi, mpishi alionewa. Sauti kufika mbali alfajiri, kweli, hewa ya chini inakuwa ya baridi kuliko ya juu na ile sauti inapindishwa kurudi chini badala ya kupotelea angani, na upepo umetulia, ndo maana alituamsha saa kumi na moja na giza lake kwenda kusikiliza ndege na sisi tukimchukia kwa roho moja.

Mtoto wa ndege je? Alituambia ukimgusa kinda kwenye kiota mama yake akija akanusa harufu ya mtu anamtelekeza, anakufa na njaa, na hiyo dhambi ni yako. Mdogo wangu alimgusa mmoja kwa kidole akiwa na miaka mitano akakaa wiki nzima hali vizuri. Uongo. Ndege wengi hawategemei pua kiasi hicho na mama hamwachi kinda wake kirahisi hivyo. Nilipogundua hilo nilikasirika kweli kweli, nikampigia mdogo wangu usiku ule ule nikamwambia yule kinda hakufa kwa ajili yako. Kakaa kimya akasema, "Najua. Baba alishaniambia." Kumbe ile wiki baba alipoona mtoto hali, alimchukua kimyakimya wawili tu, wakarudi kwenye ule mti, akamnyanyua mabegani akaona mama ndege amerudi anamlisha. Akamwambia usiwaambie dada zako, wakijua watashika makinda yote. Miaka thelathini mdogo wangu hajasema.

Sasa mama.

Mama hajawahi kupenda hema. Nasema hili mbele yake na hawezi kukataa. Anapenda kitanda, anapenda taa, anapenda choo chenye mlango. Lakini alikwenda, siyo mara zote, ila alikwenda. Na baba alikuwa na sheria ya begi, kila kitu kinapimwa, mswaki tulikatwa mpini ili kupunguza uzito, mi nilinyang'anywa kitabu kwa sababu ya kurasa. Kila gramu utaibeba wewe, alikuwa anasema, mlima haukusaidii kubeba. Basi siku moja tumefika kambini namsaidia kufungua begi lake, nikatoa kamba, nikatoa sufuria, nikatoa tochi, chini kabisa nikakuta kitu laini kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki mara mbili. Mto wa mama. Ule wa kitandani, mkubwa, na foronya yake ya maua. Nikamwangalia. Akaweka kidole mdomoni akasema, "Huo hauna uzito." Nimetafuta na hiyo pia, mto kama ule ni karibu kilo moja.

Msidhani alikuwa malaika. Alikuwa na kichwa kigumu. Neno samahani sijalisikia kwake zaidi ya mara mbili, akikukosea anakuja kukaa karibu yako anatyuni gitaa ambalo halihitaji kutyuniwa, ukielewa umeelewa. Na kupotea njia hakukiri kabisa. Tuligundua ukubwani kwamba mluzi wake ndo ramani. Njia ikiwa sawa anapiga mluzi wa polepole, wimbo wa kuzubaa. Akianza kuwa na wasiwasi mluzi unachangamka. Siku moja tulitembea masaa manne, na lisaa la mwisho alikuwa anapiga mluzi kama yuko harusini, mpaka dada akaninong'oneza tumekwisha. Shingoni ana filimbi, ile ya dharura, na yeye mwenyewe ndo alitufundisha ukipotea kaa hapo hapo ulipo na piga mara tatu, pumzika, mara tatu tena. Hapigi. Mama akasimama, akamwendea, akaivua ile filimbi shingoni kwake bila neno, akapuliza mara tatu. Mtu akaitika hapo karibu, "Vipi huko?" Barabara ilikuwa nyuma ya vichaka, hatua hamsini. Baba akasema alikuwa anajua. Hiyo sikuhitaji kuikagua.

Kuna sehemu ya ripoti hii ambayo imenichukua muda kuiandika, ni ya nyenje.

Alisema nyenje anajua joto. Hesabu anavyolia kwa sekunde nane, ongeza tano, umepata nyuzi joto. Nikacheka sana nilipokuta kwamba kuna mwanafizikia wa Marekani, Amos Dolbear, aliandika jambo hilo hilo mwaka 1897. Wadudu wale joto likipanda miili yao inakwenda mbio na mabawa wanayasugua haraka zaidi, na anayelia ni dume tu. Ila ile hesabu inafaa aina fulani ya nyenje, siyo wote, kwa hiyo baba aliichukua akaitandaza kwa kila mdudu aliyemkuta. Nusu kweli.

Lakini siyo hilo. Miaka yake ya mwisho, kabla miguu haijakataa, alikuwa anakaa nje jioni na mjukuu wake, huyu hapa mwenye shati jekundu. Na kila jioni anamuuliza, "Babu, hebu hesabu nyenje." Mtoto anahesabu, anamwambia joto, wanafurahi. Mi nikaona ni mchezo wao. Siku moja nimetoka na kikombe nikawakuta, mtoto amekamata kiganja cha babu yake na anakigonga kwa kidole, tik tik tik tik, kwa mwendo wa wale nyenje huko gizani, na baba amefumba macho midomo inahesabu. Nikamuuliza mtoto baadaye mbona unamgonga mkono. Akaniambia, "Si babu hawasikii."

Masikio ya uzeeni yanaanza kupoteza sauti nyembamba kwanza, zile za juu. Nyenje, ndege wadogo. Za chini zinabaki, ngurumo inabaki, sauti ya mama ya ukali ilibaki. Mtu aliyetuamsha saa kumi na moja miaka yote ile kusikiliza ndege alikuwa hawasikii, na hakumwambia mtu yeyote isipokuwa mtoto wa miaka sita. Sisi watu wazima tulimuuliza mzee leo umesikia ndege walivyolia, anasema eee, leo wamejitahidi. Huo nao ni uongo, nimeuandika kwenye orodha, ila sijaupa namba.

Halafu kuna kaseti. Hapa namalizia.

Mnajua alikuwa na redio kaseti ya kubeba, betri nne kubwa, na maikrofoni aliyoifunga na soksi kuzuia upepo. Alikuwa anarekodi porini. Ndege, vyura, mvua ikidondoka kwenye hema, mto. Kaseti za dakika 60, nusu saa kila upande, ameandika kwa kalamu tarehe na mahali na "msiguse". Na kila tukirudi nyumbani anazisikiliza peke yake sebuleni, na kila mara, kila mara jamani, anatoka amekunja uso anasema kaseti nzima imeharibika, mmeongea. Tunaapa hatukuongea. Anasema kuna mtu alikuwa anapiga kelele, inasikika, mngekaa kimya nusu saa tu mngekufa? Tulikua na hiyo lawama. Dada alikuwa anajiziba mdomo na shati. Mi nilijifunza kumeza mate bila sauti. Ilifika mahali tukaacha kwenda naye kwenye kurekodi, tunajifanya tumelala, kwa sababu nani anataka kulaumiwa kwa kelele ambayo hakupiga, na nadhani yeye aliona tumekataa tu kuamka.

Wiki iliyopita tumezitoa. Ziko arobaini na moja kwenye boksi la viatu. Tumekaa sebuleni sote watatu na mama, nyingine utepe umelegea tukazungusha kwa penseli kama zamani, tukaweka ya kwanza, alfajiri ya miaka mingi sana. Kwanza shshshsh ya kaseti. Halafu ndege mmoja mbali. Halafu wawili, halafu wanafunguka wote, mnajua inavyokuwa. Na hapo kama dakika ya tatu ikaanza ile kelele. Tukainama kwenye spika. Ni mmmm, mmmm-mm, ya chini, ya puani, mdomo umefungwa, inapanda inashuka inafuatisha wale ndege, nzito, karibu kabisa na maikrofoni.

Tukaangaliana. Dada akaweka kaseti nyingine, vyura, mmmm. Nyingine, mvua, mmmm-mm. Ziwani, mmmm. Zote. Hakuna sauti ya mtoto hata moja, hata kikohozi, tulikaa kimya kama mawe miaka yote ile, na aliyekuwa anaimba ni yeye, na hakuwahi kujisikia.

Mdogo wangu alicheka mpaka akateremka kwenye kiti. Dada akawa anasema "muongo huyu, muongo huyu" huku anapiga paja, na mi nimeshachukua kalamu niandike kwenye orodha yangu lakini sikujua niandike upande gani. Mama hakucheka. Alikuwa amekaa mbele ya ile redio na mikono mapajani, na upande wa kwanza ulipoisha kitufe kikaruka chenyewe, tak, akasema geuza.

Tukageuza.